Dunia ya Kupangiwa na Dunia ya Kujipangia: Kiini cha Manung'uniko ya Wachezaji wa Gemu za Mtandaoni

Gemu za uhusika za mtandaoni ni zile ambazo maelfu ya watu huingia kwa wakati mmoja katika dunia moja ya kubuni, kila mmoja akiwa na mhusika wake: askari, mchawi, tabibu, fundi au mfanyabiashara. Mhusika huyo hukua kadiri anavyochezwa. Hupata ujuzi, mali, marafiki na maadui, na dunia anamoishi huendelea na mambo yake hata mwenyewe akizima kompyuta akaenda kulala. Kwa zaidi ya robo karne gemu hizi zimejengwa kwa namna kuu mbili, na wachezaji wa kila namna wana malalamiko yao ya kudumu.

Namna ya kwanza hufananishwa na bustani ya burudani. Mbunifu amekwisha kupanga kila kitu: hadithi, njia ya kupita, mapango ya kuvamia, majitu ya kuua na zawadi ya mwisho. Mchezaji huingia na kufurahia alichoandaliwa. Namna ya pili hufananishwa na sanduku la mchanga wanamochezea watoto. Mbunifu hutoa ardhi, malighafi na kanuni, kisha huwaachia wachezaji wajenge miji, wafanye biashara, waanzishe vyama na wapigane wenyewe kwa wenyewe. Wachezaji wenyewe huzungumza hivyo, na makala haya yataziita gemu za bustani na gemu za mchanga.

Mtu anayezipenda gemu hizi huweka ndani yake miaka ya maisha yake, kwa hiyo manung'uniko yake si jambo la kupuuzwa. Wala hayatokani na uzembe wa wabunifu peke yake. Kila namna huudhi kwa sababu ya kitu kilekile kinachoifanya ipendwe, na hasira kubwa kuliko zote huzuka pale kampuni inapobadilisha ahadi watu wakiwa wamekwisha kuingia ndani.

Chimbuko

Mizizi ya gemu hizi ni gemu iitwayo MUD, iliyoandikwa kuanzia mwaka 1978 na Roy Trubshaw na Richard Bartle katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza. Haikuwa na picha hata moja. Mchezaji alisoma maelezo ya mahali alipo, kisha akaandika amri ya kwenda kaskazini, kuokota upanga au kumshambulia aliye mbele yake.

Mwaka 1996 Bartle alichapisha uchambuzi wa watu wanaocheza gemu za aina hiyo, akawagawa katika makundi manne. Kuna wasaka mafanikio, ambao furaha yao ni kupanda ngazi na kukusanya hazina. Kuna wavumbuzi, wanaotaka kujua kila pembe ya dunia na jinsi kanuni zake zinavyofanya kazi. Kuna wapenda maongezi, ambao kwao gemu ni mahali pa kukutana na watu. Na kuna wale wanaofurahia kuwashinda na kuwasumbua wenzao. Hoja yake muhimu zaidi ilikuwa kwamba makundi hayo huathiriana. Wasumbufu wakizidi, wasaka mafanikio na wapenda maongezi huondoka. Kanuni zikibanwa mno, wanaobaki hawana la kufanya zaidi ya kupanda ngazi. Karibu kila mgogoro uliofuata katika gemu hizi unaweza kuelezwa kwa hoja hiyo.

Uhuru wa Ultima Online na gharama yake

Mnamo Septemba 1997 kampuni ya Origin Systems ya Marekani ilifungua Ultima Online chini ya Richard Garriott, na Raph Koster akiwa mbunifu wake mkuu. Hii ndiyo iliyoonyesha kwa upana gemu ya mchanga inaweza kuwa nini. Hakukuwa na ngazi za kupanda. Ujuzi uliongezeka kwa kutumiwa: aliyechimba madini alikuwa mchimbaji bora, na aliyepika alikuwa mpishi bora. Mtu angeweza kuwa mshona nguo au mvuvi asishike silaha kamwe, akanunua nyumba, akafungua duka na kujulikana mji mzima.

Kabla ya kufunguliwa rasmi, gemu hiyo ilikwisha kuonyesha kwamba wachezaji hawatabiriki. Mnamo Agosti 1997, wakati wa majaribio, Garriott aliingia akiwa mhusika wake, Mfalme Lord British, kuhutubia umati. Mhusika huyo alitakiwa awe hawezi kufa, lakini ulinzi wake haukuwa umewashwa, na mchezaji mmoja alimrushia uchawi wa moto. Mfalme akaanguka na kufa mbele ya raia wake. Tukio hilo halikuandikwa na mbunifu yeyote, na linasimuliwa hadi leo kwa sababu hiyo.

Wabunifu walikuwa pia wamepanga dunia yenye uhai wake: wala majani wafuate malisho, wala nyama wawafuate wala majani, na mawindo yakipungua wanyama wakali wasogee kwenye makazi ya watu. Mpango huo haukufika mbali. Wachezaji waliua kila kilichotembea kwa kasi kuliko kilivyoweza kuzaliwa upya, na hesabu za kuendesha mfumo huo zikawa mzigo kwa seva. Ukaondolewa.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa watu wenyewe. Mchezaji mpya aliyetoka nje ya lango la mji kwenda kuchimba madini alikutwa na kundi la wenye nguvu, akauawa, akanyang'anywa kila alichobeba. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, lakini mchimbaji huyu hakuwa na pa kupishia. Kampuni ilijaribu kuwatia alama wauaji kwa kuyaandika majina yao kwa rangi nyekundu, ikajaribu na mifumo ya sifa na adhabu, bila kufaulu kuwalinda wageni. Mwaka 2000 ikachukua hatua nzito: dunia ilinakiliwa ikawa mbili. Katika Felucca kanuni za zamani zilibaki. Katika Trammel mchezaji hakuweza kumshambulia mwenzake bila ridhaa yake.

Wachezaji wengi walihamia Trammel, na idadi ya waliojiandikisha ikaendelea kupanda. Kwa kipimo cha biashara na cha usalama, uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini wakongwe waliobaki Felucca waliona miji yao ikibaki tupu. Kwao hatari ndiyo iliyokuwa imewalazimisha wafanyabiashara kukodi walinzi, wachimbaji kutembea kwa makundi na majirani kujuana. Hatari ilipotoweka, sababu ya kuhitajiana nayo ilipungua. Makundi yote mawili yalikuwa na haki ya kulalamika, na hilo ndilo linaloufanya mgogoro huu kuwa mgumu.

Bustani inayoliwa ikaisha

EverQuest, iliyotoka Machi 1999, ilielekeza macho upande mwingine: ngazi, mapango na majitu makubwa yaliyohitaji makumi ya watu kushirikiana. Kisha Novemba 2004 kampuni ya Blizzard ikatoa World of Warcraft, ambayo iliikamilisha namna ya bustani. Mchezaji mpya hakupotea. Mtu mwenye misheni ya kutoa alionekana kwa alama ya mshangao ya manjano juu ya kichwa chake. Misheni moja ilimpeleka mchezaji kwenye nyingine, kijiji kimoja kwenye kingine, mpaka ngazi ya juu kabisa. Kifo kilikuwa usumbufu wa dakika chache tu. Watu ambao hawakuwahi kucheza gemu za aina hii walijikuta wanaziweza na kuzipenda, na mnamo Oktoba 2010 waliojiandikisha walifika milioni 12.

Malalamiko ya gemu za bustani huanza pale mchezaji anapofika mwisho wa njia. Timu ya wabunifu hutumia miezi au miaka kuandaa eneo jipya, na wachezaji hulimaliza kwa wiki chache. Takwimu za Blizzard yenyewe zinaonyesha jambo hilo waziwazi. Nyongeza iliyoitwa Warlords of Draenor ilitoka Novemba 2014, na waliojiandikisha wakapanda kupita milioni 10. Kufikia mwisho wa Machi 2015 walikuwa wamebaki milioni 7.1. Kufikia mwisho wa Septemba mwaka huohuo walikuwa milioni 5.5, na kampuni ikatangaza kwamba haitachapisha tena idadi hiyo. Watu walirudi kuona kipya, wakakimaliza, wakaondoka.

Lalamiko la pili ni kwamba jasho la mchezaji halidumu. Mwaka 2005 na 2006 vyama vya watu 40 vilitumia usiku kwa usiku kuua majitu makubwa ili kupata silaha adimu. Januari 2007 nyongeza ya The Burning Crusade ilipotoka, zana za kawaida zilizotolewa katika misheni za mwanzo za eneo jipya zililingana na nyingi kati ya hazina hizo au kuzizidi. Kampuni ilikuwa na sababu yake: bila hivyo wageni wasingewafikia wakongwe. Hata hivyo mtu aliyekesha miezi kwa ajili ya upanga mmoja aliuona ukigeuka chuma chakavu kwa siku moja, na kila nyongeza iliyofuata ilirudia yaleyale.

La tatu ni kwamba dunia haibadiliki. Mchezaji huambiwa yeye ndiye shujaa aliyeikomboa nchi, ilhali jitu alilolichinja Jumatatu huwa hai tena kumsubiri mwingine. Kijiji alichokiokoa kitaendelea kuungua mbele ya kila atakayekuja. Hadithi inaweza kuwa nzuri sana, lakini hakuna athari yake inayobaki ardhini.

La nne linahusu upweke, na huenda ndilo lenye uchungu zaidi. Hapo mwanzo, ili kuingia pangoni, mchezaji alilazimika kutafuta wenzake wanne, kuongea nao na kusafiri nao hadi mlangoni. Aliyeiba hazina au kuwatelekeza wenzake alijulikana kwenye seva nzima, na tabibu hodari alitafutwa kwa jina. Desemba 2009 Blizzard ilileta zana iliyokusanya watu kutoka seva tofauti na kuwapeleka pangoni papo hapo. Foleni ikapungua, watu wenye muda mchache wakanufaika. Lakini wale watano walikutana, wakamaliza kazi bila salamu, wakaachana wasionane tena. Wachezaji wengi wa zamani wanaitaja siku hiyo kama mwanzo wa kujihisi peke yao katikati ya mamilioni.

Mchanga unaochosha

Upande wa pili, mfano ulio hai kuliko yote ni EVE Online ya kampuni ya CCP ya Iceland, iliyofunguliwa Mei 2003. Wachezaji wake karibu wote hukaa katika anga moja yenye maelfu ya mifumo ya nyota. Meli, silaha na mitambo mingi hutengenezwa na wachezaji kutokana na madini waliyochimba wenyewe, huuzwa sokoni kwa bei wanazozipanga wenyewe, na chombo kikilipuliwa kimepotea kweli. Uchumi wake ni mpana kiasi kwamba mwaka 2007 CCP iliajiri mchumi, Eyjólfur Guðmundsson, kuufuatilia.

Uzuri wa gemu hiyo ulionekana tarehe 27 Januari 2014 katika mfumo uitwao B-R5RB. Muungano mmoja wa wachezaji ulishindwa kulipa kwa wakati ada ya kumiliki mfumo huo, ambao ulikuwa kituo chao kikuu cha vita. Mahasimu waliona nafasi wakaingia. Kila upande ukaita wenzake kutoka kila kona ya dunia, na wahusika zaidi ya 7,500 wakashiriki katika vita vya takribani saa 21. Seva ilizidiwa, na mfumo ukapunguza mwendo wa muda hadi sehemu moja ya kumi, kiasi kwamba kitendo cha sekunde kumi kilichukua zaidi ya dakika moja na nusu. Meli 75 za aina ya Titan, kubwa kuliko zote, ziliteketea. Thamani ya vilivyopotea ilikadiriwa kuwa takribani dola 300,000 za Marekani. Hakuna mwandishi wa misheni aliyeipanga siku hiyo.

Lakini siku kama hiyo ni moja kati ya nyingi zisizo na tukio. Lalamiko la kwanza la gemu za mchanga ni kwamba mchezaji huingia asijue afanye nini. Anayetoka kazini jioni akiwa na saa moja anaweza kuimaliza akichimba miamba, akisubiri amri ya kiongozi wa kikosi au akilinda lango ambalo hakuna aliyelipita. Viongozi wa vyama vikubwa hupanga zamu, hutunza daftari za hesabu na kusuluhisha ugomvi wa wanachama. Si ajabu kusikia mchezaji wa EVE akisema amechoka na kazi ya pili isiyo na mshahara.

Lalamiko la pili ni pengo kati ya wakongwe na wageni. Katika EVE ujuzi hujifunzwa kwa muda halisi, hata mchezaji akiwa hayupo. Aliyeanza mwaka 2003 alikuwa mbele ya aliyeanza mwaka 2013 kwa miaka kumi, na hakuna juhudi ambayo ingefuta tofauti hiyo. Februari 2016 CCP iliruhusu wachezaji kuuziana ujuzi uliokwisha kupatikana. Wageni wakapata njia ya mkato, na papo hapo likazuka lalamiko jingine, kwamba mwenye fedha sasa ananunua miaka.

La tatu ni kwamba jamii isiyotawaliwa hutawaliwa na wachache. Ardhi, migodi na njia za biashara huangukia mikononi mwa miungano mikubwa, na mchezaji mmoja mmoja hubaki mpangaji. La nne ni hofu ya hasara. Wapo wanaopata raha kwa sababu chombo chao kinaweza kupotea, na wapo ambao hasara moja ya mali ya miezi mitatu inatosha kuwaondoa wasirudi.

Star Wars Galaxies: ahadi iliyobadilishwa njiani

Tukio linalofundisha kuliko yote ni la Star Wars Galaxies, iliyotolewa na Sony Online Entertainment mnamo Juni 2003, Raph Koster akiwa tena kiongozi wa ubunifu. Ilikuwa na fani zaidi ya 30, na nyingi kati ya hizo hazikuhusu vita hata kidogo.

Fani hizo zilifungamana. Mpiganaji aliyerudi kutoka porini alikuwa na majeraha yaliyohitaji tabibu, na uchovu wa vita ulioondoka kwa kukaa klabuni akiwatazama wacheza ngoma na wanamuziki, ambao nao walikuwa wachezaji wa kweli. Hivyo klabu ilijaa kila jioni. Wapiganaji walipiga soga wakisubiri kupona, wafanyabiashara walitangaza bidhaa, na mcheza ngoma aliondoka na bakshishi. Silaha zilichakaa, kwa hiyo fundi hakukosa wateja. Madini yalitofautiana ubora, yalijitokeza kwenye sayari fulani kwa siku kadhaa, kisha yakatoweka yasirudi tena. Fundi makini alizunguka na kifaa chake cha kupimia akitafuta chuma bora, akafunga mitambo, akaweka akiba, na bunduki zake zikajulikana kwa jina lake. Wachezaji walijenga miji yao wakachagua mameya.

Kasoro hazikukosekana. Hitilafu za programu zilikuwa nyingi, mapigano hayakuwa na mizani, na misheni za kuvutia zilikuwa chache. Mtu aliyezipenda filamu za Star Wars aliingia akitarajia kuwa shujaa, akajikuta anashona suruali. Ujedi wenyewe, yaani kuwa shujaa mkuu wa filamu hizo, ulifichwa: mchezaji alipaswa kubobea katika fani fulani asizozijua. Vidokezo vilipoanza kutolewa, watu waliacha fani walizozipenda wakajilazimisha kupitia walizozichukia, mradi wafike.

World of Warcraft ilipovuta mamilioni, waliosimamia Galaxies waliamua kuifuata. Aprili 2005 mfumo wa mapigano ulibadilishwa. Novemba mwaka huohuo yalikuja mageuzi makubwa zaidi: fani zile zaidi ya 30 zikafutwa zikabaki 9, na Jedi akawa fani ambayo yeyote angeweza kuianza siku ya kwanza. Aliyejitambulisha kwa miaka miwili kama mfugaji wa wanyama wakali aliamka akakuta fani yake haipo tena. Mageuzi hayo yalitangazwa siku chache tu baada ya nyongeza ya kulipia iitwayo Trials of Obi-Wan kuuzwa, hata kampuni ikalazimika kuwarudishia fedha waliodai.

Wakongwe waliondoka kwa wingi, na wageni waliotarajiwa hawakuja kujaza nafasi zao, kwani aliyetaka gemu ya bustani alikwisha kupata iliyo bora kwingine. Galaxies ilifungwa tarehe 15 Desemba 2011. Baadaye wapenzi wake waliijenga upya kwa kujitolea, wakaiendesha katika seva zao wenyewe kama ilivyokuwa kabla ya mageuzi. Kazi hiyo, iliyofanywa kwa miaka mingi bila malipo, inaonyesha kina cha kilichovunjwa: watu hawakupoteza burudani tu, walipoteza mahali walipojulikana kwa kazi zao.

Majaribio ya katikati

Kampuni nyingi zimejaribu kuziunganisha namna hizi mbili. ArcheAge, ya XL Games ya Korea Kusini, ilitoka nchini kwake Januari 2013 na kufika Ulaya na Amerika ya Kaskazini Septemba 2014. Ngazi za mwanzo zilikuwa na misheni za bustani. Baada ya hapo mchezaji alilima, alijenga nyumba, aliunda merikebu na kusafirisha bidhaa baharini akiwakwepa maharamia. Lakini ardhi ilikuwa na kikomo, na kumiliki shamba kulihitaji malipo ya kila mwezi. Viwanja vilinyakuliwa mapema, na waliochelewa walibaki wakitazama nyua za wenzao. Kikomo cha ardhi ndicho kilichoipa thamani, na ndicho kilichowaudhi wasioipata.

New World ya Amazon ilianza kubuniwa kama gemu ya mchanga ambamo wachezaji wangepigana wazi. Katika majaribio wenye nguvu waliwawinda wapya bila huruma, na kampuni ikageuza mwelekeo: mapigano yakawa ya hiari na misheni zikaongezwa. Ilipofunguliwa Septemba 2021 ilivuta wachezaji zaidi ya 913,000 kwa wakati mmoja kupitia duka la mtandaoni la Steam, lakini wengi waliondoka katika miezi michache. Waliotaka hadithi waliona misheni zinajirudia, na waliotaka dunia ya ushindani waliona imepunguzwa makali.

Albion Online, iliyotengenezwa Berlin na kutolewa Julai 2017, imefaulu kwa kusema ukweli mapema. Ramani yake imegawanywa kwa rangi. Katika maeneo ya buluu mtu yuko salama, ya manjano akishindwa hapotezi mizigo yake, na katika mekundu na meusi akifa huacha kila alichobeba. Mchezaji huiona rangi kabla ya kuvuka mpaka, na hasara anayoipata ameichagua. Suluhisho hilo linafanana na lile la Ultima Online, tofauti ikiwa kwamba hapa liliwekwa tangu mwanzo, kabla ya mtu yeyote kujenga maisha yake upande mmoja.

Kiu ya zamani

Njia nyingine ya kutoridhika ni kutamani kurudi nyuma. Katika mkutano wa mashabiki wa Blizzard mwaka 2013, J. Allen Brack, mmoja wa viongozi wa kampuni hiyo, alimjibu mchezaji aliyeomba World of Warcraft ya zamani kwamba wachezaji wanadhani wanaitaka, lakini hawaitaki. Aprili 2016 seva ya Nostalrius, iliyoendeshwa na mashabiki bila idhini, ilifungwa kwa shinikizo la kisheria, na maelfu kwa maelfu ya watu wakatia saini kudai toleo la zamani lirejeshwe. Mwaka 2017 Brack huyohuyo ndiye aliyetangaza kwamba litarejeshwa, na mwishoni mwa Agosti 2019 World of Warcraft Classic ikafunguliwa kwa foleni ndefu.

Kilichofuata kiliwapa haki kwa kiasi Brack na wachezaji waliompinga. Watu walirudi kweli, wakazungumza njiani, wakasaidiana. Lakini walirudi wakiwa na ujuzi wa miaka 15. Jitu Ragnaros, ambalo mara ya kwanza lilianguka takribani miezi mitano baada ya gemu kutoka, safari hii liliuawa chini ya wiki moja. Ramani, hesabu na mbinu zote zilikwisha kuandikwa, na vyama vingi vikawataka wanachama wafuate mpango mmoja ulio bora. Dunia ilirudishwa kama ilivyokuwa. Kutojua, ambako ndiko kulikozaa maajabu ya mwanzo, hakuwezi kurudishwa na kampuni yoyote.

Kampuni ya Jagex ya Uingereza ilichukua njia ya kuwauliza wenyewe. Mwishoni mwa 2007 iliondoa biashara huria na mapigano ya wazi katika gemu yake ya RuneScape ili kuwazuia wauza dhahabu kwa fedha halisi. Wachezaji walilalamika kwa miaka mitatu, na mwaka 2011 vikarejeshwa baada ya kura zaidi ya milioni 1. Mwaka 2013 kura nyingine ikaleta Old School RuneScape, toleo la mwaka 2007, na tangu hapo mabadiliko makubwa ya gemu hiyo hupigiwa kura. Zamani yalihitaji asilimia 75 ya kura kupita, na tangu 2022 yanahitaji asilimia 70. EVE nayo ina baraza la wachezaji linalochaguliwa tangu 2008. Mwaka 2011, wachezaji walipoandamana ndani ya gemu kwa kuifyatulia risasi sanamu sokoni Jita, wakipinga mapambo ya bei kubwa na hofu ya kuuziwa nguvu kwa fedha, baraza hilo liliitwa Reykjavík kwa mazungumzo ya dharura.

Mizani

Yakiwekwa pamoja, malalamiko haya yanaonyesha mambo matatu. Kwanza, watu wa makundi manne ya Bartle hawawezi wote kuridhishwa na kanuni zilezile mahali palepale, na gemu inayoahidi kila kitu kwa kila mtu inajiandalia hasira. Pili, gharama inavuta upande mmoja. Gemu ya bustani ni ghali kujazwa, ya mchanga ni ngumu kulindwa, na kampuni inayohitaji mapato ya kila mwezi huelemea kwenye kinachowavuta wengi haraka kuliko kinachowashikilia wachache kwa muda mrefu. Naoki Yoshida, anayeongoza gemu ya Final Fantasy XIV, ameikubali hali ya bustani waziwazi: amewaambia wachezaji kwamba si vibaya kumaliza, kwenda kucheza gemu nyingine na kurudi kukiwa na jipya. Kauli hiyo imepunguza manung'uniko kwa sababu inalingana na kile gemu inachoweza kutoa.

Tatu, na hili ndilo la uzito zaidi, mchezaji huvumilia kasoro nyingi mradi misingi ya dunia aliyoichagua haiguswi bila yeye kujua. Wachezaji wa Galaxies waliishi na hitilafu kwa miaka miwili. Wa EVE huvumilia uchovu na hasara. Kilichowaondoa watu kwa wingi ni kugundua kwamba kazi, jina na uhusiano waliojenga vingeweza kufutwa kwa sasisho moja. Anayeingia katika gemu mpya ana haki ya kujua mapema anapotezaje mali, nani anaamua mabadiliko, na atafanya nini akishafika mwisho wa njia. Na kampuni inayofungua dunia, ikakaribisha watu wajenge ndani yake, imebeba wajibu wa kuyajibu maswali hayo kabla ya kupokea malipo ya kwanza, kisha kuyasimamia majibu yake.